Maji Moto ya Sahar

Maiti ya Sahar ilikuwa na rangi nzuri kupita kiasi. Hivyo ndivyo daktari wa mochari alivyomwambia Inspekta Nzembi kwenye simu, na Nzembi, ambaye hakuwahi kuwapenda watu wanaozungumza huku wakitafuna, alimwomba arudie bila mkate mdomoni.

"Midomo myekundu, ngozi ya waridi, damu inang'aa. Aliyekufa kwa dawa za mitishamba hawi hivyo."

"Basi amekufa kwa nini?"

"Kwa kile kinachowaua wanaolala na jiko la makaa chumbani. Moto ukikosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu. Anayeivuta hajui kitu mpaka miguu imkatae. Umesema alikuwa bafuni?"

"Bafuni. Kuna mashine ya gesi ya kupasha maji."

"Nenda ukaiangalie hiyo mashine."

"Niandikie unayoniambia."

"Kesho."

"Kesho bibi wa watu atakuwa ameshasomewa shtaka la mauaji," Nzembi alisema, lakini daktari alikuwa ameshakata simu.

Bibi wa watu aliitwa Kijakazi. Aliletwa kutoka Mombasa wiki hiyo kumhudumia Sahar, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kumkanda mzazi kwa maji moto, kumpikia vinywaji vya viungo na kumtunza mpaka arobaini yake iishe. Jana mchana Sahar alikutwa amekufa bafuni, nyumbani kwake Ngara. Konstebo Kivuva alifika, akaona kikombe cha dawa nyeusi kando ya kitanda, akauliza ni cha nani, bibi akasema ni yeye aliyeipika, na kichwani mwa Kivuva kesi ikaisha kabla hajavua kofia. Kituoni bibi alitapika. Kivuva akaliandika na hilo. Mkuu wa kituo alifurahi mno, akaamuru leo saa nane mchana bibi awe kortini.

Nzembi alimwita Kivuva alete gari. Alimwambia njiani asitoe hata neno, na Kivuva, ambaye alijua hasira za mkubwa wake zinavyoanza, aliendesha kimya mpaka Ngara.

Mbarak, mume wa marehemu, aliwafungulia mlango akiwa bado na kanzu ya jana. Alikuwa muuza vitambaa, mtu mrefu, mwenye sauti ya upole iliyokuwa imekauka kwa kulia. Sebuleni mikeka ilikuwa imetandikwa, wanawake wa jengo walikuwa wakipanga vikombe, na nyumba nzima ilinukia sabuni. Nzembi alisimama kizingitini akaivuta harufu hiyo, kisha akamgeukia Kivuva.

"Nani ameruhusu wasafishe?"

"Madam, ni matanga. Wageni wanakuja. Sasa ningewakataza aje?"

"Kwa mdomo, Kivuva. Ule ule uliomkamatia ajuza."

"Inspekta," Mbarak alisema, "maiti haikai. Nipeni mke wangu nimzike, mengine fanyeni mtakavyo."

"Nionyeshe bafu kwanza."

Bafu lilikuwa dogo, la kutosha mtu mmoja na ndoo yake. Mashine ilitundikwa ukutani juu ya mabomba: sanduku jeupe lenye kidirisha cha kioo ambamo moto ungeonekana ukiwaka. Mpira wa gesi ulitokea kwenye pembe ya ukuta, ukatoka hadi roshani, ambako mtungi ulisimama wima kama inavyotakiwa. Hapo Nzembi hakuwa na la kulaumu. Lakini juu ya sanduku palikuwa na mdomo wa duara, wazi, unaotazama dari, na dari hapo ilikuwa imeshika masizi.

"Bomba la moshi liko wapi?"

Mbarak alielekeza kidole chumbani. "Liko ndani ya boksi lake. Chini ya kitanda."

"Linafanya nini chini ya kitanda?"

"Mwenye nyumba alikataa ukuta utobolewe."

Mwenye nyumba alikuwa ameshapanda ngazi. Gurmeet Singh, mzee wa kilemba cha samawati, alikuwa na duka la vipuri vya magari chini ya jengo hilo hilo, na alisikia akitajwa ghorofa ya tatu kana kwamba aliitwa kwa kipaza sauti.

"Madam, mimi nilijenga hii nyumba na baba yangu," alisema akihema. "Kila bafu iko na dirisha, juu ya dirisha iko na matundu ya hewa. Hakuna mtu amewahi kufa hapa."

"Na bomba ulikataa?"

"Sikukataa. Ukuta inaangalia barabara. Nilisema wangoje fundi yangu, yule wao atapasua yote. Sasa hawakungoja, mimi nifanye nini?"

Nzembi alimvuta Kivuva ampe bega, akapanda juu ya ndoo iliyofunikwa. Matundu ya hewa yalikuwa safi. Alipopitisha kidole kwenye kingo zake, kidole kilinata. Akajaribu fremu ya dirisha: nayo ilinata, pande zote nne. Gundi. Tena gundi mpya, maana haikuwa imeshika vumbi hata kidogo. Alishuka akaenda moja kwa moja jikoni, akaufungua mfuko wa taka waliouweka majirani tayari kwa kutupwa, na wanawake wakaacha vikombe wakamtazama inspekta mzima akichambua maganda ya vitunguu. Chini kabisa aliyakuta: vipande vya gazeti vilivyolowa, vimezungushiwa selotepu pembeni, na kwenye kimoja alama za matundu zimejichora kwa mvuke.

Alivileta bafuni akavishika mbele ya uso wa Mbarak.

"Mashine umeinunua wewe. Bomba la moshi umelitia chini ya kitanda wewe. Na sasa naona mtu ameziba bafu kama mtungi wa asali. Nani?"

"Wallahi sijui."

"Uliingia wa kwanza. Hukuona magazeti?"

"Nilimwona mke wangu!" Mbarak alipaza sauti. "Nilifungua mlango nikamwona chini na maji yanamiminika. Nikalivuta dirisha, likaja na makaratasi, nikayatupa. Nani ataangalia makaratasi?"

"Fundi hakukwambia usizibe?"

"Aliniambia. Na sikuziba. Nimeoga humu kila asubuhi tangu ifungwe, mwezi mzima, dirisha wazi, mpaka wiki hii nilipowaachia wanawake bafu. Mbona mimi sijafa?"

Machozi yalimshinda, akaegemea ukuta. Nzembi alivitia vile vipande vya gazeti kwenye mfuko. Alikuwa amewaona waume wengi wanaolia, na baadhi yao walilia vizuri zaidi. Hata hivyo swali la mwisho lilimkaa kichwani, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Mashine ile ile, gesi ile ile, mwezi mzima, na hakuna aliyeumwa hata kichwa.

"Fundi ni nani, na yuko wapi?"

Fundi aliitwa Nashon, na siku hiyo alikuwa Dagoretti, akifunga mashine ya maji moto kwenye hoteli ya nyama karibu na kichinjio. Msongamano wa magari ulimtia Nzembi wazimu. Aliwasha king'ora, magari ya mbele yakakosa pa kwendea, akakizima. Saa ilikuwa ikisogea bila kumwonea mtu huruma. Alimpigia mkuu wa kituo simu mara mbili, na mara zote mbili alijibiwa kwamba gari la korti halimsubiri mtu.

Walimkuta Nashon nyuma ya hoteli, juu ya kiti, akipaka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira wa gesi na kukodoa macho aone kama litafura mahali gesi inapovuja. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye maneno mengi. Mashine hii aliifunga nje, chini ya paa dogo, upepo ukipita pande zote.

"Hii umeifunga nje," Nzembi alisema bila salamu. "Ya Ngara kwa nini iko bafuni?"

Nashon alishuka polepole. Habari zilikuwa zimeshamfikia, ilionekana.

"Madam, mimi niliwaambia. Hiyo kitu mahali pake ni nje. Kama lazima ikae ndani, basi lazima paipu ya moshi itoke nje. Mbarak akasema landlord amekataa. Nikamwambia basi sikiza, dirisha iwe wazi na yale matundu usiwahi guza. Moto ukiwa blue uko sawa, ukianza kuwa yellow, zima na utoke, usingoje. Nikatest, nikaacha maji ikimwagika, dirisha wazi, moto ilikuwa blue tupu."

"Ulijua haifai, ukaifunga."

"Nikikataa anaita mwingine, na huyo mwingine hata sabuni hapaki."

"Hayo utakuja kuyaeleza, na sitakusaidia kuyaeleza," Nzembi alisema. Alichukia jibu hilo kwa sababu alilisikia kila siku, kwa mafundi, kwa madereva, na kwa polisi wenzake. "Siku unawapa hayo maonyo, nani alikuwepo?"

"Mbarak na bibi yake. Alikuwa na tumbo kubwa, karibu kujifungua. Akanicheka, ati mimi naongea kama mwalimu."

"Na bibi mzee?"

"Shosho? Hapana, shosho alikuwa hajakuja Nairobi."

Nzembi hakuuliza la pili. Alirudi garini, akafunga mlango, akakaa na mikono magotini. Kivuva aligeuza gari na wakaanza kurudi mjini, wakapita Waithaka, wakaingia tena kwenye foleni.

"Kivuva, una watoto?"

Konstebo alishangaa kuruhusiwa kuzungumza. "Mmoja, Madam. Msichana."

"Mkeo alipotoka hospitali, nani alikuja kumsaidia?"

"Mathe, mama yangu. Alitoka ushago na kuku wawili."

"Alipoingia ndani ya nyumba alifanya nini? Kabla ya kuketi."

Kivuva alicheka. "Ai, huyo? Alifunga madirisha yote. Bibi yangu analalamika joto, mathe anasema baridi itamuingia kwa mgongo atalia nayo mpaka uzee. Tulikaa kama mandazi kwa..." Kicheko kilimkatika. Mikono yake ikakaza usukani. "Madam. Shosho."

"Mbarak alioga dirisha wazi. Mzazi haogeshwi dirisha wazi. Hakuna aliyemwambia bibi kuhusu ule moto, na hakuna aliyemwambia fundi kuhusu arobaini." Nzembi alitazama nje. "Na kule kutapika kwake, uliandika nini?"

"Niliandika ameonja dawa yake mwenyewe," Kivuva alijibu kwa sauti ndogo.

"Alikuwa ndani naye. Akatoka mapema, ndiyo maana alitapika tu."

Gari la korti lilikuwa limeshawashwa injini walipofika. Nzembi alimwambia dereva azime, kwa sauti ambayo dereva hakuitaka mara ya pili, akaenda seli akiwa na Kivuva nyuma yake na kalamu mkononi.

Bi Kijakazi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa saruji, buibui limemzunguka, leso ameifunga kichwani kwa nguvu ili kuyabana maumivu. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mipana ya mtu aliyekanda migongo ya wanawake maisha yake yote.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kichwa kinaendeleaje?"

"Chauma tangu jana. Kichwa si kitu. Sahar wameshamzika?"

"Bado. Bi, nataka unieleze ulivyomwogesha jana. Usiruke kitu."

Bibi alimtazama, kisha akaanza, na kadiri alivyosema ndivyo mgongo wake ulivyonyooka, kwa sababu hii ilikuwa kazi yake na aliijua.

"Siku zote nachemsha maji jikoni na majani ya mwarobaini, nayabeba kwa sufuria. Jana Mbarak akanambia, Bi, utakuja kuteleza uungue, mashine hii hapa, fungua tu. Nikaona maneno yake ni ya huruma. Nikafungua. Maji mazuri, moto hasa. Nikamkanda mgongo, nikamkanda kiuno. Nikasikia kichwa kizito, nikasema ni joto. Mtoto akalia. Sahar akasema, Bi, nenda, mimi nitakaa kwenye maji kidogo. Nikatoka."

"Dirisha?"

"Dirisha nililifunga tangu siku niliyoingia. Kingo zake na yale matundu juu nikayabandika magazeti, maana Nairobi hii ina baridi ya hasidi. Nilipotoka nikaurudisha mlango, nikausukumia leso chini. Mzazi mifupa yake i wazi, mwanangu. Upepo ukimwingia hautoki." Aliivuta leso kichwani akaikaza. "Usiku kucha nalizunguka bafu lile kwa akili yangu. Wewe umefika pale na macho mazima. Nambie. Ni tundu lipi nililolisahau?"

Nzembi alikuwa amepata alichokitafuta tangu asubuhi, na hakikumfurahisha hata chembe. Hakukuwa na muuaji hapa. Angeweza kutoka, amwambie mkuu wa kituo, daktari aandike, bibi arudi Mombasa akiamini ni upepo. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Ukweli ungemfaa nini?

"Bi, dawa yako haikumuua," alisema. "Hushtakiwi. Utatoka leo."

"Alhamdulillahi." Bibi alifuta uso kwa pembe ya leso, akaanza kuinuka. "Basi nifanyieni hisani, nipelekeni Waithaka. Dada yake Mbarak, Nisreen, amejifungua juzi, na mimi ndiye wa kumshika. Mumewe nimemwelekeza yote kwa simu kabla hamjanichukua. Nimemwambia azibe mapema mpaka nifike. Safari hii sitaacha hata upenyo wa sindano."

"Nisreen anaoga maji ya wapi?"

"Ya mashine. Mbarak amewanunulia kama ile yake. Zawadi ya mtoto."

Nzembi alimgeukia Kivuva. Walikuwa wamepita Waithaka saa moja iliyopita, akizungumza habari za kuku wawili.

"Kivuva, simu ya Bi. Iko kaunta. Kimbia!" Alichuchumaa mbele ya bibi, akamshika mikono yote miwili. "Bi, nisikilize, na unisamehe. Hakuna tundu ulilolisahau. Uliziba yote. Moto wa ile mashine unakula hewa ya chumba. Hewa ikiisha na hakuna inayoingia, moto unatoa sumu. Haina harufu. Ndiyo iliyokupa kichwa. Wewe ulitoka, Sahar akabaki."

Bi Kijakazi alimtazama bila kupepesa. Mikono yake ilikuwa mizito ndani ya mikono ya Nzembi, na Nzembi aliona jinsi neno moja moja lilivyokuwa likimfikia. Hakulia. Kivuva aliporudi na simu, aliipokea mwenyewe, akatafuta jina kwa kidole, na Nzembi akamsaidia kubonyeza na kuwasha spika ili wote wasikie.

Iliita muda mrefu. Sauti ya mwanamume ikajibu, changamfu.

"Bi! Tumeambiwa uko polisi! Wamekuachilia?"

"Abdulrauf, Nisreen yuko wapi?"

"Yuko bafuni. Ana muda kidogo, ameona utamu wa maji."

"Mfungulie mlango. Na dirisha. Zima mashine. Sasa hivi."

"Bi?" Abdulrauf alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechanganyikiwa. "Ametoka jasho lote lile, nimfungulie dirisha? Si umenambia mwenyewe nisifungue hata..."

"Nilikwambia. Sasa nakwambia fungua."

"Hao polisi wamekuambia uongo gani? Bi, atapata upepo, atakuwa mgonjwa maisha yake yote. Ngoja amalize, nitamvika..."

"Abdulrauf." Bibi alifunga macho. "Mimi ndimi niliyemuua Sahar. Kwa kuziba. Niliziba kama ulivyoziba wewe, na ndivyo alivyokufa. Fungua!"

Kivuva, kwa mazoea ya kazi, aliinamisha kichwa na kuanza kuandika. Nzembi alimnyang'anya kalamu, akaivunja vipande viwili.

Kwenye simu zilisikika hatua za mtu anayekimbia, kitasa, mlango ukigonga ukuta. Maji. Jina la Nisreen likiitwa, mara ya kwanza kwa wasiwasi, mara ya pili kwa kelele. Kisha kishindo cha dirisha. Kisha hakuna chochote ila maji, na Nzembi akamwekea bibi mkono mgongoni.

Maji yakakatika.

"Nisreen, kaa hapa. Kaa mlangoni. Vuta pumzi," sauti ya Abdulrauf ilisikika mbali. Halafu sauti ya mwanamke, nzito, yenye usingizi na uchungu, ikaja karibu na simu.

"Bi... kichwa kinaniuma. Huyu mwanamume amenifungulia madirisha yote, na mimi nimelowa. Mwambie afunge. Nahisi baridi, Bi."

Bi Kijakazi aliishika simu kwa mikono miwili. Nzembi aliisogelea simu ili ajibu badala yake, lakini bibi alimzuia kwa mkono.

"Ihisi, mwanangu," alisema. "Ihisi. Nataka kukusikia ukilalamika mpaka nifike."